Mistari Myeupe ya Kisanduku cha Kisenge

Tata Kalala, mwanangu,

Nakuita tata, yaani baba, hata leo ambapo nimekukasirikia, kwa sababu umebeba jina la baba yangu, na mtu wa jina lile sijui kumwita vingine. Mchana umetoka na mlango ukaubamiza. Baba yako anasema umeenda kuagana na wenzako wa kwaya, na kwamba nikuache upoe kwanza. Nimekuacha. Lakini lori la kukupeleka kwenye machimbo ya Kisenge linaondoka hapa Manika alfajiri, na ukirudi utakuwa na usingizi mwingi na maneno machache. Kwa hiyo naandika sasa, kabla umeme haujakatika, na barua hii nitaiweka ndani ya begi juu ya kile kisanduku chako cha king'ora, mahali ambapo huwezi kuiruka.

Habari za sabuni, chandarua, dawa ya malaria na namna ya kuwajibu wakubwa, shangazi zako wamekueleza tangu Jumapili na wataendelea kukueleza mpaka gari liwashwe. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni ile mistari. Nitaandika hata unayoyajua, maana baba yako ameshasema nimsomee kabla sijaifunga bahasha, na yeye hapendi kuachwa nyuma.

Asubuhi wewe mwenyewe uliniambia, "Mama, angalia rapport, yote iko vert." Nikakaa kuiangalia hiyo ripoti yako ya kijani, nikiwa na furaha, sikufichi. Programu ya kisanduku kile umeiandika peke yako katika lugha ya C, lugha niliyokufundisha kwenye meza hii hii tunayolia chakula. Kazi yake baba yako anaielewa vizuri kuliko sisi wote: kulinda watu walio chini ya shimo. Maji yakipanda, boya linapanda nayo, kisanduku kinaiwasha pampu. Pampu ikishindwa, kisanduku kinapiga king'ora, na watu wanapanda juu.

Mashine haisomi tunachoandika. Kompilata ndiyo hukigeuza kwanza kuwa lugha yake. Na tukitaka kujua majaribio yetu yamepita wapi, tunaiambia kompilata ipande vihesabio katikati ya mistari. Mstari ukipitiwa, kihesabio chake kinaongezeka, na mwishoni ripoti inatuonyesha kijani palipopitiwa na nyekundu pasipokanyagwa na mtu. Yako ilikuwa kijani kutoka juu hadi chini, mia kwa mia, kama Tata Muteba, mwenye karakana, alivyomwahidi mteja.

Ila katikati palikuwa na mistari michache isiyo na rangi. Mstari mtupu hauna rangi, maelezo hayana rangi, kwa hiyo jicho la mtu hupita tu. Langu halikupita. Mistari ile ilikuwa na amri ndani yake: boya likinyamaza kabisa, yaani waya wake ukiwa umekatika, piga king'ora. Na juu yake uliweka ile alama ndogo ya kuiambia ripoti isihesabu kuanzia hapa mpaka pale.

Ndiyo maana nilikuuliza sababu yake mezani, sahani ya bukari ikiwa bado ya moto, "Kalala, juu ya nini umeficha ile mistari?"

"Sikuficha, mama. Niliitoa tu mu hesabu. Programu haiwezi kufika pale."

"Haiwezi juu ya nini?"

"Waya iko mu tiyo, mu bomba ya chuma. Nani atakata?"

Nikacheka, na baba yako akacheka, na hapo tulikosa adabu sisi wote wawili. Lakini nawe ungecheka kama mwingine ndiye angesema. Katika mji huu waya wa umeme wa jirani yetu umeibwa mpaka ameacha kuununua. Msalabani pa kanisa palikuwa na waya wa radi, nao ukaondoka. "Uko mutoto wa Kolwezi," nikakuambia, "na unaniuliza nani anakataka waya ya shaba?"

Ukarudisha tonge sahanini. "Tata Muteba alisema client anataka mia kwa mia. Na weye njo ulinifundisha kutoa mistari mu hesabu. Sasa unanicheka."

Kisha ukaondoka, na ulilosema ni kweli. Alama ile nilikufundisha mimi. Nilikuonyesha siku moja kwa haraka, kwa ajili ya mistari ambayo kweli haifikiki, nikakwambia inasafisha ripoti, na sikukuambia mahali pa kukomea. Nilikupa kisu nikasahau kukuonyesha makali yapo upande gani. Jibu langu ndilo hili ninaloandika, na linaanzia mbali kidogo.

Kisanduku changu cha kwanza nilikitengeneza ukiwa darasa la tatu. Karakana ilikuwa nyuma ya soko la Manika, na mwenyewe alikuwa mtu mwingine, marehemu sasa. King'ora kilipofika tulikiwasha bila kumwambia mtu. Tata, barabara nzima iliinuka. Vijana wachimbaji waliokuwa wanakunywa chai walitupa magunia yao ya madini wakaruka ukuta, maana kwao sauti ile ni ya polisi wa mgodi au ya baruti, na zote mbili hazingojwi. Mama mmoja wa mandazi aliacha mafuta motoni akakimbia na mwiko mkononi. Baadaye akaja mkuu wa mtaa, akakaa, akanywa soda yetu taratibu, akasema, "Mama, ile kitu isilie tena mu kartiye yangu."

Haikulia tena. Tulikifunga king'ora kwa kitenge kikuukuu tukakiweka kwenye rafu. Na katika majaribio, pale ambapo programu ilipaswa kukiwasha, mimi nikaweka neno la kuandikwa kwenye skrini: LIA. Neno likitokea, tunasema king'ora kimelia. Kila karakana ya Manika hufanya hivyo mpaka leo, nawe umefanya hivyo, na simlaumu mtu. Hatuwezi kuwatia watu mbioni kila siku.

Kisha nikaipima programu. Mara ya kwanza ripoti ikatoka tupu, hakuna mstari hata mmoja uliohesabiwa, nikadhani kompyuta imeharibika. Kumbe vihesabio vinaandika hesabu yao pale tu programu inapomalizika kwa amani, na programu ya kisanduku haimaliziki, inazunguka siku zote kama mlinzi wa lango. Basi nikaitengenezea mwisho wa uongo ili hesabu iandikwe. Sasa nilikuwa na neno badala ya king'ora na mwisho ambao kwenye shimo haupo. Lakini ripoti ilikuwa kijani. Niliichapisha nikaibandika ukutani, juu ya friji, na kila mgeni aliyekuja kunywa maji alipewa maelezo.

Na lile nililolitia kwenye chipu halikuwa lile nililolipima. Hili ndilo nililochelewa kulielewa. Vihesabio ni vizito, vinakula nafasi, kwa hiyo siku ya kukabidhi tunaigeuza programu upya bila vihesabio, na tunaiambia kompilata iikazekaze, iende mbio. Fundi wa nguo hukupima shati likiwa limeungwa kwa uzi wa muda, kisha hulishona kwa mashine. Nani amekuambia baada ya mashine litakukaa vile vile? Mimi sikulivaa tena. Nilifunga kisanduku, nikakipeleka.

Kilienda kwenye machimbo fulani upande wa barabara ya Mutshatsha, kikiwa cha king'ora tu, na walinzi wa pampu chini kule, walioiwasha kwa mkono, walikuwa wawili, baba yako na Tata Sapalo. Kabla ya kisanduku changu walikuwa na mti uliochongwa alama, umesimikwa ndani ya maji. Walikuwa wanautazama kwa zamu, na maji yakigusa alama ya juu wanapanda. Siku ile nilipokaza skrubu ya mwisho, Tata Sapalo akaniuliza kwa heshima zake zote, "Mama, sasa ule muti tuutoe?"

Nikamjibu, "Muutoe tu, tata. Sirene itawaambia."

Akaupasua akachemshia chai.

Yaliyofuata umeyasikia, maana baba yako anayasimulia kila sikukuu: mvua iliyonyesha huko juu bila wao kujua, pampu iliyomeza tope ikakohoa ikazima, na yeye kutoka shimoni kama kiboko, kiatu kimoja, Tata Sapalo mgongoni akidai arudishwe akachukue kofia. Watu wanacheka mpaka wanalia. Nawe unacheka. Mimi kila mara naenda jikoni kuangalia sufuria, na hakuna aliyewahi kuuliza sufuria gani.

Kuna kitu baba yako anakiruka. Hata sasa nikimsomea hapa najua atakunja uso na kusema nifute. Sitafuta.

Alinipigia simu. Kabla ya kiboko na kabla ya kofia, alinipigia simu akiwa bado anaweza kutembea. Akasema, "Mama Kalala, mayi inapanda. Na sirene yako iko kimya."

Nikamuuliza, "Imefika wapi?"

"Mu magoti."

Nikasema, "Basi bado kiwango. Imepimwa ile. Ingefika, ingelia. Mungojee tu."

Nilikuwa jikoni, macho yangu yakiwa kwenye ile karatasi juu ya friji. Nilimwambia mume wangu asiamini magoti yake mwenyewe, aamini karatasi. Naye, kwa kuwa anaiheshimu kazi yangu, akangoja. Walingoja mpaka njia ya kupandia ikalainika na kumeguka, na walipoanza kutoka maji yalikuwa kifuani. Alimbeba mzee akishika bomba la pampu kwa mkono mmoja. Simu ilizama. Mimi nilikuwa napiga, napiga, na ile sauti ya mwanamke inaniambia kwa upole kwamba namba haipatikani. Sijawahi kuichukia sauti ya mtu kama ile.

Alirudi nyumbani na tope mpaka masikioni, akala, akalala. Hakusema neno juu ya simu. Siku ya pili alianza kutengeneza hadithi ya kiboko, na nilielewa ananitengenezea mimi. Tata, kuna watu wanaopendwa kwa maua. Mimi nilipendwa kwa sentensi moja iliyoachwa nje ya hadithi, miaka yote hii.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo mpaka linatia aibu. Programu ilikuwa inazunguka ikingoja thamani ya boya ibadilike. Kompilata, ilipoambiwa ikaze, ikaona ndani ya mzunguko ule hakuna mtu anayeigusa thamani hiyo, ikaamua kuisoma mara moja mwanzoni na kuikumbuka. Boya likapanda na maji, na programu ikaendelea kukumbuka boya lililo chini. Nilipoipima, na vihesabio ndani na bila kukazwa, ilikuwa inasoma upya kila mara, na ndiyo maana kila kitu kilikuwa kijani. Mistari ilipitiwa kweli. Ripoti haikudanganya hata kidogo. Ilinijibu swali nililoiuliza, mimi nikadhani nimeuliza lingine.

Dawa yake ni neno moja tu, linaloiambia kompilata kwamba thamani hii hubadilika nje ya macho yake. Unalijua, nimekutesa nalo. Lakini wakati ule sikuambiwa. Mwenye karakana alimleta fundi kutoka Lubumbashi, akaliongeza neno lile kimya kimya, akafunga kisanduku, akaondoka. Walinihurumia, walisema mama ameshtuka, asisumbuliwe. Nami kwenye kisanduku kilichofuata nikarudia kosa lile lile. Bahati nzuri tulilikuta mezani, na si shimoni.

Ndiyo sababu leo, ulipotoka, nilikaa mbele ya kompyuta yako, mkono juu ya vitufe. Ningeweza kuifuta ile alama, nikaandika jaribio la waya uliokatika, nikafunga, usingejua. Baba yako akapita akaniuliza, "Unafanya nini?" Nikasema, "Sifanyi kitu," na ilikuwa kweli. Sikugusa. Ungekuwa umebeba programu yangu kwenda Kisenge, na siku hitilafu nyingine ikitokea ningekuwa Kolwezi.

Wala Tata Muteba sijampigia. Si mtu mbaya, anataka mteja arudi, na mteja amezoea kuona mia. Kumwambia kwamba si mia ni simu yako wewe. Naogopa kidogo, nikuambie ukweli. Naogopa atakuambia kuna vijana wengine wanaoweza kuleta mia, na kazi hii tumeiombea muda mrefu. Akikuambia urudi, rudi. Kitanda hatujakipa mtu, na bukari ya nyumba hii haijawahi kuuliza mtu ripoti.

Lakini naogopa zaidi kitu kingine. Chini kule Kisenge kuna watu ambao siwajui majina, na kuna mmoja wao ambaye wiki ijayo atakuuliza kama wautoe mti wao. Watakuwa na mti, au jiwe lenye chokaa, au mzee wa kuangalia. Watu wa shimo hawakosi kitu cha kuangalia. Na usiku mmoja mwenye njaa atafungua ile tiyo ya chuma kwa msumeno, kwa sababu ndani yake kuna shaba, na boya litanyamaza, na programu itaingia katika mistari myeupe ambayo hakuna aliyewahi kuikanyaga, wewe wala mimi. Labda ni mizuri. Umeiandika vizuri, nimeisoma, sikuona kosa. Na ile yangu pia niliisoma, tena mara nyingi.

Mstari mwekundu ungeniacha nilale. Mwekundu unakiri kwamba hapa sijafika. Mweupe haukiri kitu, na ndio uliokutuma mchana kunijibu kwa hasira. Hukuwa na hasira na mimi. Nimekuzaa, najua sauti yako ukiwa na uhakika, na ile haikuwa yenyewe.

Basi nakuomba hivi, na sikuamuru, umri wa kukuamuru umepita. Lori linasimama Mutshatsha, na hapo huwa wanakaa sana wakipakia makaa. Fungua kompyuta, ondoa alama ile, uiache ripoti iwe na wekundu wake. Andika jaribio la waya. Kisha ukifika, kabla hujasaini kukikabidhi na kabla hawajautoa mti wao, kifunge kisanduku kama kitakavyoishi: programu ile ile iliyokazwa, boya lile lile, king'ora chenyewe na si neno kwenye skrini. Waambie watu wa pale kwanza, wasije wakaruka ukuta. Kisha chukua koleo niliyokuwekea mfukoni mwa begi, ile ya mpini mwekundu, ukate waya kwa mkono wako mwenyewe. Usiuchomoe taratibu, ukate kama mwizi. Nimekuwekea na waya mpya wa kufungia tena.

Na kabla hujakata, nipigie. Usinieleze kwamba imepimwa, neno hilo nimelitumia la kututosha mimi na wewe. Usiseme kitu. Weka simu karibu na king'ora, ukate waya. Baba yako atakuwa amekaa pembeni yangu, na simu tutaiweka juu ya friji, pale ilipokuwa ile karatasi.

Kikilia, kata simu, tutajua umefika. Kisipolia, usikate. Fungua kompyuta yako chini hapo hapo, nami nitabaki kwenye laini mpaka kilie.

Mama yako